Jembe la Siku ya Tatu



Nimeombwa nizungumze nanyi mnaosubiri viza juu ya kupata marafiki na kuuelewa mji wa ugenini, kwa kuwa nilisoma Leipzig, mashariki ya Ujerumani, kwa miaka mitano. Aliyenialika anaamini kwamba mtu akikaa mahali miaka mitano basi ni mjuzi. Sikumwambia kwamba miezi minane ya mwanzo sikuwa na rafiki hata mmoja. Mtu niliyesema naye mara nyingi zaidi katika miezi hiyo alikuwa mama muuza mikate karibu na kituo cha tramu, na mazungumzo yetu yote yangeenea nyuma ya tiketi: habari za asubuhi, mikate miwili, ahsante, siku njema. Kwa hiyo msitarajie siri za mtu aliyefaulu. Nitawaeleza nilivyokosea, halafu nitawapa habari ya jembe.

Nianze na kosa la saa.

Mwezi wa tatu tangu nifike, kijana tuliyekuwa naye maabara moja alinialika kwao Jumapili kwa kahawa na keki. Mjue kwamba Leipzig iko Saksonia, na Wasaksoni hawafanyi mzaha na kahawa. Mjini hapo kuna nyumba iliyouza kahawa tangu mwanzoni mwa karne ya 18, na juu ya mlango wake amechongwa mtu wa Mashariki mwenye kilemba, amekaa chini ya mti wa buni, anampa kikombe mtoto mwenye mabawa. Bach, aliyeongoza muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas hapo mjini kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, alitunga muziki mzima wa kuchekesha juu ya binti aliyekataa kuachishwa kahawa na baba yake. Basi ukialikwa kahawa umealikwa kitu.

Maneno aliyotumia kunitajia wakati yalikuwa mawili: robo, na tatu. Nikajumlisha. Saa tatu na robo kwa hesabu yao, yaani saa tisa na robo mchana kwa yetu. Nikabonyeza kengele saa tisa na dakika kumi, nimejipongeza njia nzima kwa kuwahi. Mezani nilikuta makombo. Mama mtu alikuwa anafuta vikombe. Kumbe Msaksoni hahesabu robo iliyozidi juu ya saa. Anahesabu robo ya saa inayoendelea kujaa. Saa ya tatu imejaa robo: ndiyo saa nane na robo yetu. Nilichelewa karibu saa nzima na nilikuwa natabasamu.

Kosa lenyewe dogo. Kilichoniumiza, na sikukijua mpaka baadaye, ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Walinikatia keki iliyobaki, wakanionyesha picha za ukutani, wakanisindikiza mpaka mlangoni, na mwaliko wa pili haukuja. Wao walidhani ndivyo watu wa kwetu tulivyo. Mimi nilidhani ndivyo wao walivyo, watu wa kula na kufuta meza mgeni akiwa njiani. Pande zote mbili tulikuwa na adabu, na adabu ikatunyima kuulizana. Miaka miwili ilipita ndipo nikamsimulia yule mwenzangu, akajishika kichwa. Nami nikamfundisha saa yetu: kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka, na akialikwa Dar es Salaam chakula cha saa nane mchana asije akatokea saa mbili usiku. Alipiga hesabu kwa vidole, kisha akasema saa yetu ina akili kuliko ya bibi yake.

Niliishi kwenye nyumba ya kupanga pamoja na wanafunzi wawili, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu letu sote. Ukutani palibandikwa ratiba ya usafi, jina na wiki. Ndani ya friji kila mtu alikuwa na rafu yake. Maziwa yalikuwa matatu, yote ya duka moja, yote ya bei moja, kila pakiti na mwenyewe. Mtoto wa Tanga anayeona maziwa matatu ya namna hiyo anafunga friji na kukaa kitandani kufikiri. Jioni ya kwanza niliyopika wali wa nazi nilisema, kama ambavyo mtu yeyote angesema, karibuni. Mmoja akanitakia mlo mwema na kuendelea na kompyuta yake. Nilikula nikiwa nimempa mgongo, kwa aibu, kama mtu aliyejificha na chakula.

Kwa kweli hawakuwa wachoyo. Kwao kumwachia mtu chake ni heshima, kama vile kwetu kumwingilia chake kwa karibu-karibu ni heshima. Nikiumwa waliacha dawa mlangoni, wakagonga, wakaenda zao. Hilo la kwenda zao ndilo lililonisumbua. Kwetu mgonjwa anakaliwa.

Tena wana maneno mawili pale sisi tunapotumia moja. Sisi tukimwona mtu mara tatu ni rafiki, na kama ametununulia soda ni ndugu. Wao wana mtu wanayefahamiana naye, na wana rafiki, na katikati ya hao wawili pana mto usiovukwa kwa wiki moja. Mwanafunzi mwenzako wa miaka miwili atakutambulisha kwa wazazi wake kama mtu anayefahamiana naye, na wewe roho itakuuma. Msiumie. Sisi nasi, tukikaa wenyewe, tunajua tofauti ya jamaa, mwenzangu, sahibu na msiri wangu. Tunaipima kimya kimya tu, wao wanaisema mbele ya mama.

Mtaniuliza, si kuna Watanzania huko? Wapo, na Wakenya, na Wakongo, na walinifaa sana. Jumamosi tulisonga ugali kwa unga tulioununua kwenye duka la Mvietnam, ambaye ndiye pia aliyekuwa na muhogo, ndizi mbichi na tui. Kwenye duka hilo nilimkuta mzee wa Msumbiji aliyeletwa miaka ya 1980 kufanya kazi kiwandani, enzi za Ujerumani Mashariki, asirudi. Anayewaambia mjitenge na wenzenu ili mjifunze lugha haraka hajawahi kukaa Februari ya kule peke yake. Lakini semeni kweli: Jumamosi yetu ilikuwa ni Tanga iliyowekwa ghorofa ya nne. Tukishuka ngazi, mji ulikuwa pale pale tulipouacha, hatujui hata jina la mtaa wa pili.

Ilinisaidia kujua kwamba sikuwa wa kwanza. Chuo chenyewe kilianzishwa na wageni: mwaka 1409 walimu na wanafunzi wa Kijerumani waligombana na mfalme huko Prague, wakahama na vitabu vyao, wakafungua chuo kipya Leipzig. Goethe alifika hapo 1765 kusoma sheria, kijana wa miaka 16 kutoka Frankfurt, akachekwa nguo zake na matamshi yake mpaka akabadili kabati zima. Mtu anayesomwa leo shuleni kote Ujerumani alichekwa matamshi ya Kijerumani, na Wajerumani! Nikilisema neno vibaya dukani nilikuwa namkumbuka huyo, napumua.

Na Waafrika? Kundi la Wanigeria 11 lilikuja kusoma mwaka 1951. Mwaka 1956 ilifunguliwa taasisi ya kuwafundisha wageni Kijerumani kabla hawajaingia vyuoni, ambayo baadaye iliitwa Herder, na mtaa ilipokuwa ukapewa jina la Lumumba mwaka alipouawa, 1961. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilifanya urafiki na Ujerumani Mashariki. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani mnazozijua ni matunda ya urafiki huo, na vijana wetu nao wakaenda huko kusoma. Urafiki wa serikali ulikuwa wa mikataba na bendera. Kama vijana hao walikaribishwa kahawa Jumapili, na kama walifika na wakati, kila mmoja ana hadithi yake.

Nyuma zaidi yupo mtu mmoja ambaye mimi huwa namfikiria, ingawa mji wake ulikuwa Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, alikwenda mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka 1903 kwa jina la Mjerumani, Velten. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku, na serikali ya kikoloni ikamkatalia mkewe kushuka Dar es Salaam. Wakarudi Ulaya, naye akabaki huko mpaka kifo chake 1927. Huyo alilipwa mshahara ili awaeleze wenyeji desturi za kwao. Nanyi mtaifanya kazi hiyo bila mshahara. Kila karamu mtaulizwa Afrika mnakula nini, Afrika mnaoaje, Afrika kuna baridi? Ni kazi ya kuwa kamusi: unafunuliwa, unasomwa, unarudishwa rafuni. Dalili moja ya rafiki niliyoigundua mimi ni kwamba hafiki kwako kuuliza habari za Afrika. Anafika kukulalamikia goti lake.

Sasa jembe.

Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, alikumbusha methali tunayoijua sote, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akaongeza jambo ambalo wengi wanalisahau: kwamba mgeni mwenyewe hakungoja kupewa, alikuwa akiliomba kabla. Nimesoma maneno hayo shuleni bila kuyatilia maanani. Niliyaelewa Leipzig.

Nyumba tuliyokaa alikuwako mzee mmoja, mpangaji wa chini kabisa, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa majira yote. Siku moja nilimwona akishusha mifuko ya mbolea kutoka kwenye tramu. Nikakimbia kama tulivyofunzwa, nikaushika mfuko mmoja: Mzee, nikusaidie kubeba. Akaushikilia. Hapana, ahsante. Nikavuta, akavuta. Hapana, ahsante! Watu wakatutazama. Nikaondoka na hasira ya mtu aliyetukanwa, na jioni hiyo nikawasimulia wenzangu wa Jumamosi, na wote tukakubaliana kwamba Wazungu hawa hawana jema.

Mwezi wa tano baiskeli yangu ikapasuka tairi. Nilikuwa nimechelewa mtihani, sina pampu, na mtu pekee aliyekuwako uani ni yeye. Nikameza fundo nikamwomba aniazime pampu. Alichukua baiskeli mikononi mwangu, akaipindua, akatoa mpira, akautia kwenye ndoo ya maji, akanionyesha mahali mapovu yanapotoka. Akaniambia niweke kidole hapo hapo nisiondoe. Alinizibia tairi, akanifundisha kuziba, akaniuliza jina la chuo, akanikemea kwa mnyororo mkavu. Nilikwenda mtihani mikono myeusi. Jioni nikarudisha pampu na mikate minne, akatoa miwili akanirudishia.

Hapo ndipo nilipofumbuliwa macho. Kule mtu anakuwa na kila kitu cha kwake, pampu yake, ngazi yake, chumvi yake, hata asihitaji kugonga kwa jirani. Kwetu chumvi inaisha kwa makusudi. Mtoto anatumwa na kikombe, na kikombe kinarudi na umbea. Kumpelekea mzee yule msaada ilikuwa kumwambia mbele ya kituo kizima kwamba amezeeka. Kumwomba kitu ilikuwa kumwambia bado anaweza. Mwenyeji wa kule hakupi jembe siku ya tatu, wala ya mia tatu, kwa kuwa anaona ni utovu wa adabu kumtumikisha mgeni. Ataendelea kukuchukulia mgeni mpaka urudi kwenu. Mkono wa kwanza unyooshe wewe, tena uwe mtupu.

Basi wiki ile ile nikamuuliza mbolea ile ilikuwa ya nini.

Leipzig ina vishamba vidogo zaidi ya 30,000, vimegawanywa katika vyama vya wakulima wa mjini. Mtindo huo umeenea kote Ujerumani, na kwa kiasi kikubwa ulianzia hapo hapo. Katika miaka ya 1860 mwalimu mkuu mmoja, Hauschild, alianzisha chama akakipa jina la daktari Schreber aliyekwisha kufariki. Walitaka uwanja wa watoto kuchezea. Mwalimu mwingine, Gesell, akaongeza vitalu vya watoto kulima. Watoto, kama watoto wa kokote, wakachoka na magugu, wazazi wakavishika. Mpaka leo vishamba vinaitwa kwa jina la daktari ambaye hakupanda hata kitunguu kimoja humo. Sheria yao ni nene. Kishamba kisizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24, na theluthi ya ardhi ilimwe mboga na matunda. Mchana kati pana saa za ukimya, usiwashe mashine. Na kila mwanachama anadaiwa saa kadhaa kwa mwaka za kufyeka njia na kupaka rangi uzio wa wote. Mzee aliponieleza hilo la mwisho, kwa Kijerumani kirefu na kwa fahari, nikamwambia kwetu linaitwa msaragambo. Akaniomba nirudie. Akalijaribu mara tatu, likamshinda kwenye mbo.

Goti lake lilikuwa bovu, mkewe alikuwa akiumwa mgongo, na msaragambo wa masika ulikuwa Jumamosi ile. Nikasema: nipe jembe, nikulipie hizo saa. Alinitazama kwa muda. Mara hii hakuvuta mfuko.

Nilifyeka saa nne pamoja na watu ishirini wasionijua. Hakuna aliyeniuliza Afrika tunakula nini. Waliniuliza mkasi uko wapi, waliniambia nisikate tawi lile, nishike ngazi. Kijerumani cha darasani kiliniishia nusu saa ya kwanza, kikaanza kingine. Wasaksoni wengi wakitaka kusema ndiyo husema nu, na mimi asubuhi nzima nilidhani wananikatalia. Naweka hapa? Nu. Naondoa. Naleta hapa? Nu! Mwishowe mwanamke mmoja akanishika mkono akauweka mzigo chini yeye mwenyewe.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, na hapo ndipo Jumamosi za ugali zikaanza kunikosa mpaka usiku. Nawaambia kwa uzoefu mdogo nilio nao: siku moja maalumu ya wiki, mahali pale pale, na kazi mkononi, ilinipa zaidi ya karamu zote za kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni nilizohudhuria, ambako tulibandikwa majina kifuani kama mizigo ya meli.

Mwaka mzima nilimwita Bwana fulani, kwa ukoo wake, na kumsemesha kwa wingi, maana lugha yao ina nyinyi ya heshima. Kuivuka hiyo kuna utaratibu, na mwenye ruhusa ni aliye mkubwa, kama vile kwetu mkubwa ndiye wa kuitikia marahaba. Siku aliyoniruhusu, yeye na bia yake na mimi na juisi ya tufaha, ulimi wangu ulikataa kumwita kwa jina la utotoni mtu wa miaka 71. Nikaomba nimwite Mzee. Akataka tafsiri. Nikatafsiri vibaya, akakunja uso: kwao kumwita mtu mzee ni kumtania au kumtusi. Nikaeleza kwamba kwetu ni mtu aliyekula chumvi nyingi, ambaye akiingia watu wanampisha kiti. Alifikiri, akasema: basi mfundishe na mke wangu.

Kwa kupitia kishamba kile ndipo mji ulipoanza kunifungukia, kwa sababu Mzee alikuwa hawezi kupalilia kimya. Alifanya kazi kiwanda cha mashine mtaa wa Plagwitz tangu ana miaka 16. Tarehe 9 Oktoba 1989, siku ya Jumatatu, alikuwa mmoja wa watu zaidi ya 70,000 waliotoka makanisani na majumbani wakaizunguka barabara kuu ya mji wakidai mageuzi, huku hospitali, kwa walivyosikia wao, zikiwa zimetayarisha damu. Askari hawakufyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka. Alinionyesha kituo cha tramu aliposimama na mkewe, wakapatana mmoja arudi nyumbani kwa watoto, na wote wawili wakakataa kuwa huyo mmoja. Mwaka uliofuata ikaja fedha mpya, kisha kiwanda kikafungwa. Mji ambao miaka ya 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 700,000 ukapungua mpaka chini ya 450,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mitaa mizima ikawa madirisha yasiyo na vioo. Sasa umejaa tena, umepita 600,000, na vijana wanaohamia wanaona majengo mazuri ya zamani. Mzee alikuwa akipita mitaa hiyo hiyo akitaja wasiokuwapo. Aliwahi kujifunza upya, akiwa mtu mzima, namna ya kujaza fomu, kutafuta kazi, kununua bima, katika mji aliozaliwa. Ndiyo maana nilipomletea barua za ofisi ya wageni alizisoma kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na kutukana kwa ajili yangu.

Alinituma nikaone kiwanda cha kusokota pamba, huko huko Plagwitz, majengo ya matofali mekundu yaliyoanza kujengwa 1884 na ambayo leo ni ya wachoraji na majumba ya sanaa. Nilipanda tramu namba 14 nikaenda nikitegemea kuona picha. Nilichokikuta ni habari kwamba kiwanda hicho kilikuwa na mashamba yake ya pamba Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimeingia mji ule kama mtu asiye na chake, nikitembea kwenye ukingo wa lami nisimkwaze mtu, na kumbe pamba ya kwetu na mikono ya kwetu ilishafika kabla yangu, ikasokotwa humo. Sijui niiite nini hisia ile. Haikuwa furaha. Ila tangu siku hiyo nilikaa kwenye kiti cha tramu, nikaacha kusimama karibu na mlango.

Siwafichi na upande mwingine. Nilipotafuta chumba, mara nyingi simu ilikwenda vizuri mpaka nitaje jina, ndipo chumba kikawa kimeshapata mtu. Zipo njia ambazo usiku sikupita. Januari 2015, baada ya watu wa mji wa Dresden kuanza, Leipzig nako watu waliandamana Jumatatu jioni kupinga wageni. Waliojitokeza kuwapinga wao walikuwa wengi zaidi yao, na katika hao alikuwamo Mzee na goti lake. Si kwa ajili yangu tu, msimpambe. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa: wamechukua Jumatatu yetu, alisema, na usiku kucha hakurudia lingine.

Nimalizie na mchicha, maana bila huo hadithi ya kishamba haijakamilika.

Mwaka wa tatu dada yangu alinitumia mbegu ndani ya bahasha ya kadi ya Idi. Mzee alinipa matuta mawili. Kiangazi cha kule jua halizami mpaka watu wanalala, na mchicha ulipanda kama umeitwa. Mwezi wa saba kamati ya chama ikapita kukagua, watu watatu na daftari. Ikaja barua: kishamba namba fulani kina magugu kwenye eneo la mboga, yang'olewe katika siku 14. Kule mmea wa jamaa moja na mchicha huota wenyewe kando ya njia na kila mkulima anaung'oa. Mzee hakung'oa. Aliandika kurasa mbili, akataja theluthi ya mboga kwa kifungu chake, akawaalika wakaguzi Jumamosi. Nami nikapika kwa tui na kitunguu kwenye jiko la gesi la kibandani, na ugali mdogo pembeni. Mwenyekiti alikula kimyakimya, akaomba tena, akafungua daftari akauliza linaandikwaje. M, c, h. Akaandika kwenye orodha ya mboga zinazokubalika, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Tumeandikiana tangu nirudi. Mke wa Mzee ndiye mwandishi, Mzee anaweka neno moja mwishoni, na neno hilo kwa kawaida ni nu. Barua ya majira yaliyopita inasema hawakupanda chochote kwenye matuta yangu, lakini mchicha umeota wenyewe, umevuka uzio, na sasa uko kwa jirani, mgeni aliyehamia juzi kutoka magharibi ya nchi. Kamati imemwandikia jirani barua. Jirani amekuja kugonga kibandani, barua mkononi, kuuliza ni mmea gani huu.